Gauni la Mama Yake

Mdogo wangu mpendwa,

Zimebaki siku tisa binti yako aolewe, na mimi shangazi mtu situlii kwa furaha! Leo tulijaribu mapambo ukumbini. Fundi alitundika mapazia meupe pe, binti akatoka amevaa gauni la harusi la marehemu mama yake, likaonekana kama limechovywa kwenye chai.

"Limezeeka, Shangazi," akalia. "Ndiyo maana Baba alisema ninunue jipya."

Nikamwambia fundi ashushe yote.

"Lakini mama, nyeupe si nyeupe tu?"

"Basi kanywe chokaa, maziwa utuachie sisi!"

Nikueleze: nyeupe kali hufanya kila kilicho karibu kionekane kichafu, ila nyeupe tulivu hukipokea. Tukaweka vitambaa vya rangi ya maziwa na mawaridi yenye moyo wa krimu. Ndugu yangu, gauni liling'aa kama siku ya harusi yenu!

Najua hilo ndilo unaloogopa kuliona, ndiyo maana hujajibu kama utakuja. Lakini binti ameniuliza mara mbili nani atamshika mkono kuingia ukumbini. Nimemjibu, "Baba yako." Usinifanye mwongo uzeeni.

Dada yako