Konokono wa Mawe wa Kibiti

Dada Mwanaisha wa Ngorongo, pokea salamu zangu kabla ya hofu yangu.

Bado nambebea masanduku yule Mdachi kutoka Ujerumani anayekusanya konokono waliogeuka mawe. Leo asubuhi alinionyesha ukuta wa korongo karibu na Kibiti. Chini wamejaa konokono wa kila namna, wenye miiba, wenye mistari, wengine wakubwa kama ngumi. Juu yao kuna udongo mtupu, upana wa kiganja. Kisha wanaanza tena, lakini wa namna moja tu, wadogo kama punje za mtama.

"Maafa yaliwamaliza wengine wote," akasema. "Hawa wadogo walijifukia topeni, wakaokoka. Wenye miiba unaowaona kule juu kabisa ni wajukuu wao."

Nikacheka. Mara upepo ukaleta harufu ya mtama unaoungua. Mama mmoja akapita mbio, mtoto mgongoni.

"Kimbia, mwanangu! Askari wa Wadachi wanachoma maghala. Hata mbegu hawaachi!"

Mdachi akaendelea kugonga nyundo yake. Mimi sanduku likaniponyoka.

Dada, wanaosema maji ya dawa yatazuia risasi, waache waseme. Njaa hayataizuia. Tia mbegu za mpunga kwenye mtungi, ziba mdomo kwa udongo, fukia chini ya mafiga. Usimwambie mtu, hata shemeji.

Nibusie watoto. Mungu akujalie wajukuu, nami anijalie kuwaona.

Ndugu yako,
Selemani