Dada kaniumbua mlangoni kwa wakwe

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Si unajua ile fangasi yangu ya vidoleni? Tulioijua ni wewe, mimi na dada basi. Dada huyuhuyu aliyekuwa akiniosha miguu kila jioni, ananikausha katikati ya vidole, ananipaka dawa, asubuhi ananianikia viatu juani. "Aibu yako ni yangu," aliniambia!

Leo tumekuja kujitambulisha. Mlangoni kila mtu anavua viatu, nami nikainama nivue. Dada akapaza sauti, "Wewe usivue! Utawaambukiza watoto wa watu fangasi!"

Shoga, AKACHEKA. Mbele ya mama mkwe! Utawaambukiza, anasema, huku anacheka!

Macho ya sebule nzima miguuni kwangu.

Nikavua. Viatu, soksi, vyote. Vidole vikavu, safi, havina hata kaukurutu. Mama mkwe akanishika mkono: "Pita ndani, mwanangu."

Sasa hivi dada ananigongea mlango, eti, "Fungua bwana, nilikuwa natania."

Anatania nini? Jana usiku yeye mwenyewe alinikagua kidole kimoja kimoja, akaniambia nimepona.