Shida ya Rafiki Yangu

Jumanne, baada ya Isha

Kutoka Mtambile mpaka Kengeja hakuna ndoa inayotaka kuvunjika isiyopita kwangu kwanza. Hata Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, hunipigia simu kuniuliza la kufanya.

Leo nimekwenda Gombani kwa mshauri wa mambo ya ndoa, kwa sababu mke wangu, Bi Salma, amesema harudi kutoka kwao mpaka nikazungumze na mtu. Nilidhani nitamkuta mzee mwenye mvi. Kumbe binti tu, wa kumzaa.

"Karibu, baba. Una shida gani?"

Mimi niliyempiga papa kwa kasia akageuza njia, nikautazama mlango. Nikamwambia shida si yangu, ni ya rafiki yangu. Hasira zake zimemkimbiza mkewe.

Akaniangalia, wala hakucheka. "Basi mwambie huyo rafiki aje mwenyewe Alhamisi. Na akiweza, aje na mkewe."

Naogopa. Nikimpigia Bi Salma nitamwambia nini? Na akisema yeye basi, hataki tena mshauri wala mimi...

Simu ninayo mkononi, sijabonyeza. Na hili sijamwambia mtu: tangu aondoke, nalala na taa imewashwa.