Gari Lililofika Kimya

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, na mkamwana wako anakusalimu sana.

Habari kubwa ni kwamba lile pikapu la dizeli nimeliuza, nimenunua gari la umeme. Ni refu, la kubeba familia na mizigo, ila halinywi hata tone la mafuta. Nalichaji barazani, na mke wangu ameshanitungia sheria: gari likila umeme, pasi isiwashwe, pasi ikiwashwa, gari lingoje. Wiki iliyopita sote wawili tulijifanya tumesahau, nyumba nzima ikazima, tukala gizani tumenuniana. Jirani yetu mwalimu hulizunguka kila asubuhi akitafuta bomba la moshi. Nimemwambia halina. Haamini, anainama tena.

Mwezi ujao nakuja nalo. Ukikubali nitarudi nawe, maana tangu tuhamie nyumba hii hujaikanyaga.

Kitindamimba wako

17 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba, baba. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Mimi ni mzima. Goti linalalamika mvua ikikaribia, basi. Dawa yake ni ujana, na hauuzwi.

Kazi ipo tele. Sare za shule zimejaa mezani na nakanyaga cherehani kutwa. Kwa hiyo hilo la kuja kwenu lisubiri, wateja wangu nitamwachia nani?

Pikapu umeliuza bila hata kuniuliza. Lilikuwa likianza kukohoa kule kwenye kona ya kinu, nami nasema, huyo anakuja. Nanawa uso, najiweka sawa, ukifika langoni nami nishafika. Hilo la kuchajiwa kama simu sijui litaniambia nini. Njoo nalo hivyo hivyo.

Mama yako

26 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa kunipokea. Nimerudi salama. Gari halikunitia aibu, ingawa lilikaribia. Kwenye ule mlima mrefu betri ilishuka mpaka nikazima kiyoyozi, nikazima redio, nikaanza hata kupumua kwa adabu. Kuteremka upande wa pili likajirudishia chaji kidogo kila nilipopunguza mwendo. Nikachaji kwenye maegesho ya hoteli moja. Mlinzi alinikalisha kwenye kiti chake nimweleze kila kitu, na nilipoondoka yeye ndiye alikuwa akiwaeleza wengine.

Mama, nazungusha maneno tu. Nina jambo, na kwa simu ungenikatisha.

Siku ile nilifika mapema kuliko ulivyodhani. Lango lilikuwa wazi, nikaingiza gari hadi uani, redio yako ikiwa inasema kwa sauti, hukusikia kitu. Mlango wa sebuleni nao ulikuwa wazi. Nikakuona unasukuma kiti cha plastiki mbele yako, unakiegemea, unapumzika, unakisukuma tena, kutoka chumbani hadi mezani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka pana vumbi.

Nilitaka kukukimbilia, nikashindwa. Nikarudisha gari nyuma mpaka barabarani, nikapiga honi, nikangoja. Ukatoka hadi langoni bila kiti, umenyooka, umejipaka poda, ukaniuliza mbona nimekonda. Nikacheka. Nikala. Nikakaa kwako siku mbili nikikutazama unavyoshika kuta kama mkaguzi wa majengo, na sikusema neno. Niliogopa kukuaibisha. Sasa naona aibu mimi, kwa sababu niliondoka nikakuacha vile vile.

Hukai peke yako tena, mama. Chumba kipo, na daktari wa mifupa yuko karibu nasi. Nakuja kukuchukua.

Kitindamimba wako

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwezi umepita. Simu hupokei. Jirani yako fundi viatu ananiambia u mzima, na kwamba umemkataza kuniambia zaidi ya hapo. Nitukane basi, lakini andika.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa hasira. Ulinichungulia ndani ya nyumba yangu, ukaenda kwako, ukanitumia hukumu kwa barua. Hukai peke yako tena! Hilo neno unamwambia nani? Hata marehemu baba yako hakuthubutu kuniambia ninakokaa.

Lakini sitakudanganya tena. Sare nilizokuandikia hazipo. Tangu mwaka jana goti halikanyagi cherehani, na watu wamepeleka vitambaa vyao kwingine. Sikukuambia kwa sababu ya mama yako mkubwa. Unakumbuka watoto wake walimchukua kwa wiki moja tu, akapimwe macho. Mwezi ule ule nyumba yake ikapata mpangaji. Mpaka anakufa dada yangu alikuwa anakaa kwenye ncha ya kochi la watu, anaomba ruhusa ya kufungua dirisha. Sikuliogopa goti, mwanangu. Nilikuogopa wewe.

Kwa daktari nitakuja. Basi la abiria siliwezi. Nikikaa muda mrefu goti linakaza kama mlango uliovimba kwa mvua, ndiyo maana kwenu sijafika. Hilo gari lako linalosimamasimama njiani kula umeme huenda likanifaa. Ila ufunguo wa nyumba nakaa nao mimi, na daktari akimaliza unanirudisha. Ukiona huwezi kuahidi, usije.

Mama yako

2 Agosti

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo, baba? Mkeo hajambo? Mimi sijambo, na safari hii neno hilo ni la kweli.

Siku ile uliyonichukua uliniomba radhi kila tuliposimama kuchaji, nami nilikuwa nalishukuru gari kimoyomoyo. Lenyewe linakula, mimi nalizunguka polepole, goti linalegea, tunaendelea. Ulipokwenda kununua maji, yule bwana wa gari jeupe aliyetutangulia kwenye foleni ya chaji aliniuliza tumebakiwa na asilimia ngapi. Nikamwambia gari sijui, mimi nina kama arobaini. Ndiyo sababu alitupisha mbele, sikukuambia.

Daktari alisema goti halitakuwa jipya, lakini litanibeba nikilisaidia kwa fimbo na yale mazoezi. Nayafanya. Cherehani nimeifunua. Mguu mmoja unaikanyaga vizuri, ule mwingine unasindikiza. Jana nimepunguza suruali ya fundi viatu, akalipa bila kubishana, labda kwa huruma. Pesa nimezipokea hivyo hivyo.

Sasa nikuambie. Nilipokuwa kwenu ule ufunguo niliufunga kwenye ncha ya kitambaa, nikawa naupapasa kila nikiamka. Nilipoona mapazia mapya chumbani, kisha ukaleta habari za daktari wa pili, na wa tatu, nikasema yametimia, haya ndiyo ya dada. Sikuwa na ujasiri wa kukuuliza. Nilikaa kwenye ncha ya kochi lenu, na dirisha sikuligusa.

Asubuhi ile nikatoka nje, nikakuta begi langu liko ndani ya gari na wewe unachomoa waya, macho mekundu. Ukasema, "Betri imejaa, mama. Twende nyumbani kwako." Najua ulitaka nibaki. Najua mkeo alikusihi usinirudishe, nilimsikia jikoni. Nilikwenda kuoga, nikalia humo bafuni mpaka ukaja kugonga mlango ukidhani nimeteleza.

Mwanangu, nilikupima kwa kipimo cha watoto wa watu, na hukukistahili.

Ukija tena, ingia moja kwa moja mpaka ndani. Utanikuta nimekaa na fimbo yangu, na sitanyanyuka kukupokea. Wewe ndiye utakayeinama kunisalimu.

Mama yako