Kwa Shemeji Gaudensi, Kuhusu Vepu Niliyokung'arishia

Shemeji yangu Gaudensi,

Huko Kirando najua jua linawaka na dagaa wanakauka vizuri. Huku Kizwite baridi imerudi, nami nimevaa makoti mawili kama mtu anayehama na kabati lake. Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unaanza kucheka. Nikikusikia unacheka nasahau hasira, na safari hii sitaki kuisahau.

Unaikumbuka siku tuliyoacha sigara? Mdogo wangu Yustina, mkeo, alisimama pale mlangoni kwangu akakwambia, "Baba yetu alikufa kwa kifua. Bakuli la makohozi nililishika mimi. La pili sishiki. Ukiendelea na sigara, narudi kwetu." Ukainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Wiki ile ile ukaja na vepu mbili za shaba kutoka Tunduma, zile sigara za betri zinazotoa mvuke, nene kama tochi za walinzi, moja yako, moja yangu. "Shemeji," ukasema, "tunateseka wote."

Mimi niliteseka kweli. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafokea hadi kuku. Wewe ulikuwa mchangamfu, unanukia pipi za mnanaa, nami nakusifia kwa watu: mwoneni shemeji yangu, huyo ndiye mwanaume.

Jumapili baada ya misa ndiyo ilikuwa siku yetu. Shaba haina adabu. Ukiishika leo, kesho ina alama za vidole, keshokutwa imekuwa rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Tulikaa barazani na limau na chumvi, tunasugua, tunasuuza, tunakausha kwa fulana kuukuu mpaka viganja vinanuka sarafu. Yako ilichafuka kuliko yangu.

"Unavuta sana, shemeji," nilikutania.

"Mawazo, shemeji. Wewe sugua hilo ganda, una mkono mzuri. Vya ndani niachie mwenyewe. Ndani kwa mtu hakuchunguliwi."

Ukavitia vya ndani mfukoni, nami nikasugua ganda huku nimevimba kichwa. Mtu akiniambia nina mkono mzuri, hata choo chake nitamng'arishia.

Yustina alikuwa akiniuliza mimi. "Kaka, ameacha kweli?"

"Ameacha. Vepu yake naisafisha kwa mikono yangu, nitakosaje kujua?"

Akaridhika. Alibaki kwako kwa neno langu, shemeji, na wewe ulilijua hilo.

Uliposhuka Kirando kununua dagaa, uliisahau vepu kwangu, juu ya redio. Nikasema nikufanyie hisani: niisafishe yote, nje na ndani, kisha nikutumie kwa kondakta wa basi. Nikafungua kichwa. Pamba yake ya kuloa dawa ya mvuke ni nyeupe, kavu, kama imetoka zahanati sasa hivi. Haijawahi kuloa wala kuungua. Nikainamisha ganda ili betri itoke. Betri hamna. Zilitoka sigara mbili ulizozizima nusu, zimelala pamoja kama watoto kitanda kimoja.

Weusi ule wote wa Jumapili zote ulikuwa jasho la mfuko wako.

Nilicheka, sikufichi. Mke wangu akaja kuona. "Baba Deo, kumbe ulikuwa unapigia msasa kabati la sigara?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema taratibu, "Na Yustina je?"

Sikasiriki kwamba ulishindwa. Ungekuja ukaniambia, "Shemeji, nimeshindwa," tungekaa tukalia pamoja, maana nami sigara naiota hadi leo. Lakini uliniacha nikateseka peke yangu nikidhani tuko wawili. Kisha ukauchukua mdomo wangu ukamdanganyia mdogo wangu. Mdomo huo alikuwa anauamini tangu yuko mgongoni kwa mama. Nimejiangalia kwenye ile shaba yako, nimejiona uso mzima, na sura niliyoiona ni ya mpumbavu aliyechanwa nywele vizuri.

Jana Yustina alipita hapa na kiroba cha unga wa ulezi anachokuletea. Akaniuliza kwa furaha, "Kaka, nimwambie nini mwenzio wa vepu?"

"Safari hii," nikamwambia, "muulize mwenyewe."

Akaacha kutabasamu. Akakikalia kile kiroba, akaitazama barabara.

Anapanda basi la Alhamisi. Habari ya ndani ya ganda sijamwambia. Hiyo ni yako, utaisema kwa mdomo wako. Atakapokuuliza, usije ukamjibu kwamba kaka yake anajua. Kaka yake hajui tena lolote kuhusu wewe.

Unga ni mzuri, umesagwa laini. Upokee kwa heshima.

Ni mimi shemeji yako, angalau hadi Alhamisi.