Kitambaa cha Maua ya Njano

Engutoto, Arusha

Mama,

Shikamoo. Goti limepoa? Na baba anakula siku hizi, au bado anasukuma sahani? Mimi ni mzima, ila naandika haraka, usishangae mwandiko.

Naogopa, mama. Ngoja nikueleze.

Bosi alitununulia laptopu za kupangia safari za wageni. Lakini meza zetu ni ndogo, maana ofisi ilikuwa nyumba ya kuishi, vyumba vikagawanywa kwa mbao. Akaniambia mimi nichague doki, yaani kile kitako unachopachikia laptopu, ikaungana kwa mara moja na skrini, kibodi na waya wa mtandao unaokwenda kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma.

"Chagua vizuri," akasema. "Mwaka huu watu tutapungua."

Unajua neno hilo linavyosikika nyumbani kwetu tangu kiwanda alichofanyia kazi baba kiuzwe.

Muuzaji alileta picha. Kulikuwa na doki pana kama sinia, na nyingine ndogo ya kupendeza lakini haina tundu la waya wa mtandao, kwa hiyo haikutufaa. Nikaipenda ile nyembamba yenye tundu lake nyuma. Nikakata boksi la biskuti kwa vipimo vyake, nikaliweka mezani nikafanya nalo kazi kutwa nzima, nione kama kiwiko kinagonga. Nasieku, mwenzangu anayetoka Olmotonyi, alinicheka mpaka machozi.

"We Aikaeli, boksi linakujibu?"

Lakini ilipofika, ilikaa sawasawa, na nafasi ya kikombe ikabaki. Bosi alipita, akasema safi. Siku hiyo nilitembea nimenyoosha shingo!

Sasa vumbi la huku halina adabu. Nikachukua kile kitambaa ulichonifumia, chenye maua ya njano, nikaifunika doki mgongoni kama unavyofunika redio. Wote walikisifia. Hata simu ya mezani ya bosi ilikuwa imefunikwa kitambaa, mkewe ndiye aliyekifuma.

Jana asubuhi naingiza majina ya wageni wa mlimani, nikasikia harufu kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Taa ya doki ikazimika, laptopu nayo ikafa, na yale majina yalikuwa bado hayajafika kwenye kompyuta kubwa. Nikaita, "Yesu wangu!" Nasieku akachomoa waya ukutani. Wageni walikuwa tayari uwanja wa ndege, madereva wanapiga simu hawajui wambebe nani.

Fundi akaja, akaifungua pale pale. Akavuta uzi wa njano kutoka kwenye feni ya ndani ya doki, akauinua juu.

"Nani kaifunika hii?"

Watu wote wakatazama meza zao. Nikainua mkono, mama.

"Mimi."

"Dada, inapumulia huku nyuma. Umeiziba pua."

Nilitamani sakafu inimeze. Bosi hakufoka, na ndicho kinachonitisha zaidi. Aliniangalia tu, akasema, "Kesho mapema, kabla ya wenzako, uje kwangu." Nilipopita mlangoni kwake jioni, simu yake ilikuwa wazi, kitambaa kimeondolewa.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Nimeamka kabla ya majogoo nikuandikie. Usimwambie baba kwanza. Na usiache kufuma, nakuomba, kosa si lako.

Nisalimie bibi, umwambie dawa yake ya macho nitaitafuta. Msalimie mdogo wangu Eliya na shule yake, na shangazi wa sokoni, asicheke sana akisikia.

Nakumbuka siku baba alipopunguzwa. Tulimwona anaingia na kikombe chake cha kazini mkononi, tukajua. Jana wakati wa kutoka Nasieku aliniuliza kama nachukua changu. Nimekiacha juu ya meza, mama. Nimekiacha makusudi.

Mwanao,
Aikaeli