Mbege ya Fides

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini mdomo wangu haujazoea kuanza na wewe bila hilo neno, na nikiliacha nitahisi umenikata jicho. Ipokee tu.

Jana tumefanya kumbukumbu yako ya mwaka. Watu walikuja, mpaka wale wa Rombo walioapa hawatalirudia tena joto la Dar. Ibada ilikuwa nzuri, kwaya yako waliimba, Eliya alilia kuliko sote. Lakini siyo hayo yaliyonikalisha hapa mezani kwangu Tandika na kalamu mkononi, mie ambaye hata ujumbe wa simu naandikaga nusu nusu. Kuna jambo niliwafanyia, wewe na Fides, nikakuacha uende kaburini bila kukwambia. Jana limetoka. Na vile lilivyotoka, Mama, nimekasirika mpaka sasa, na sijui hata nimkasirikie nani.

Acha nianze na wivu, maana ndio mzizi wa yote, na wewe hukupenda mtu anayezunguka.

Mie ndiye binti yako. Mmoja tu. Wenzako uliostaafu nao ualimu walifuga kuku, wengine wakafuma vitambaa vya makochi. Wewe ulipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Hukuuza hata kikombe. Ulikuwa unapika kwa raha yako, uani pale Boko, mara moja kwa mwezi, ndizi umezifuata mwenyewe Mabibo na kuzikagua moja moja mpaka muuzaji anakasirika. Mara mbili uliniambia njoo nikufundishe. Mara mbili nikakataa. Nikakwambia mie nauza mapazia Mwenge, nashika vitambaa vya watu, siwezi kunuka ndizi zilizochacha. Hilo nalikubali. Lakini kuonja, Mama! Kuonja ilikuwa kazi yangu. Kila mbege ikiiva ulinipigia simu: Aika, njoo uonje. Hakuna aliyeinywa kabla yangu, hata Baba alipokuwa hai. Nilikuwa nakaa kwenye kile kigoda chini ya dirisha la jiko, unaniletea kata, nakunywa funda moja, nasema bado au nasema tayari, na wewe unafuata nilichosema. Nyumba nzima hiyo ndiyo sehemu niliyojua ni yangu.

Halafu mwanao Eliya akaoa.

Nilimpokea vizuri wifi yangu Fides, usije ukasema sikumpokea. Binti wa Kimakua kutoka Masasi, mpole, anapiga goti akisalimia. Niliwapa mapazia ya chumbani, yale ya kahawia, kitambaa nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe. Sikuwa na neno na mtu. Neno lilianza Jumamosi ile nilipoingia uani nikamkuta amekaa kwenye kigoda changu, anamenya ndizi, na wewe umesimama nyuma yake unamwelekeza, mnacheka. Mlikuwa mnacheka nini? Nilipofika mkanyamaza. Mpaka leo sijui mlikuwa mnacheka nini.

Baada ya hapo kila ukinipigia simu ni Fides hivi, Fides vile. Fides ameotesha ulezi, umechipua wote. Fides amekesha na sufuria, ndizi zimekuwa nyekundu vizuri. Fides anajua kukisikiliza kimea kikikauka. Mama, kimea kinasikilizwa? Mie nina homa, nimelala kitandani, unanieleza habari za kimea cha Fides. Na ukawa unamwita mwanangu. Nilihesabu. Kwa simu moja ulisema mwanangu mara nne, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Ndipo ikaja siku ile. Unaijua. Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba, umekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na ukaniambia kwa fahari kabisa kwamba hiyo mbege hukuigusa hata kwa mwiko, yote ni kazi ya Fides, mwanzo mpaka mwisho. Fides akaja na kata, ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa anautazama mdomo wangu. Nikaona. Nikanywa.

Mama, ilikuwa nzuri. Nasema hivi kwa sababu sijawahi kukuambia. Ilikuwa nzito inavyotakiwa, utamu wa ndizi unatangulia, uchungu unakuja nyuma taratibu, ulezi umelainika hausikiki kwenye meno. Ilikuwa nzuri kuliko yako. Na hilo ndilo lililoniua.

Nikaitema pembeni. Nikasema, "Hii imeharibika. Watu wataumwa matumbo."

Ukanitazama. Ukaniuliza kama nina hakika, mwanangu. Siku hiyo mwanangu ilikuwa mie, na nikaitumia kudanganya. Nikasema nina hakika. Ukamwambia Fides alete beseni, akajaza, ukaichukua mwenyewe na miguu yako ile ukaenda ukaimwaga kwenye shina la mpapai. Fides alijifunga kanga vizuri, akaanza kusugua masufuria. Mie nikanywa soda, nikaaga mapema, nikasingizia wateja wananisubiri.

Nilidhani nitafurahi. Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Baba Neema akauliza kulikoni, nikamwambia tumbo. Uongo mwingine.

Haikupita miezi mitatu ukalazwa. Kila nilipokuja wodini nimejiandaa kukwambia, nilimkuta Fides ameshafika, anakulisha uji, anakukanda miguu, anajua unataka mto upande gani. Ningesemaje mbele yake? Nikawa naona wivu mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa, Mama. Nikawa naona wivu wa kijiko cha uji. Kisha asubuhi moja Eliya akapiga simu, na sauti yake tu ikatosha.

Baada ya arobaini tukagawana vitu vyako. Fides hakuomba chochote. Mie nikasimama mbele ya wazee nikasema nautaka ule mwiko mrefu wa mbege, kwa sababu mume wangu ndiye aliyeuchonga kwenye karakana yake Keko, na kwa sababu mie ndiye binti. Nikapewa. Nikauleta Tandika, nikausimamisha nyuma ya mlango wa jiko, na nikaapa nitapika mbege yangu mwenyewe tuone nani ni mtoto wa nani.

Nacheka sasa ninapoandika hapa, ila siku ile sikucheka. Nilichemsha ndizi, nikazilaza siku zake, sehemu hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho. Ulezi nikanunua unga dukani, ule wa pakiti, wa kupikia watoto uji. Ulinieleza kwenye simu kwamba ulezi huoteshwa kwanza, ila mie nilisikia jina la Fides tu. Miaka yote ile nimekaa kwenye kigoda nikisubiri kata, sijawahi kugeuza shingo kuona kilichokuwa kimefunikwa na gunia pale pembeni. Nikakoroga kwa mwiko wako, nikafunika, nikasubiri. Siku ya tatu nikafunua. Hakuna povu, hakuna harufu, imetulia tu inanitazama. Baba Neema akachota bakuli, akala kwa kijiko, akasema siyo mbaya, ingeongezwa sukari. Nilikuwa nimepika uji wa ndizi sufuria zima. Tuliula siku nne.

Kwa hiyo wazee walipokaa kupanga kumbukumbu yako na kusema mbege apike Fides, sikuwa na pa kushika. Nilinuna tu. Na mwiko sikuurudisha. Jana nimefika Boko nikakuta ameikoroga mbege yote na mpini wa jembe aliouosha na kuukwangua. Hakuniuliza mwiko uko wapi. Angeniuliza ningepata sababu ya kugomba.

Mbege ilipotolewa uani, Baba Mdogo, kama kawaida yake, akanyoosha mkono mapema. Fides akampita. Akawapita na wageni wa Rombo, akawapita na wanakwaya, akaja mpaka nilipokuwa nimejificha nyuma karibu na matangi ya maji. Kata ameishika kwa mikono miwili, kama siku ile.

Akasema, "Wifi, onja kwanza. Mama hakuwahi kumpa mtu kabla yako."

Watu wote wananitazama. Na mie, Mama, sitakudanganya tena: shetani alinipitia. Niliwaza, neno moja tu. Nikisema imeharibika, wote hawa wataondoka na kiu na jina lake litaishia hapa. Nilikunywa. Ilikuwa nzuri, ingawa ile ya kwanza iliipita kidogo. Nikaangalia ule mpapai wako. Umezaa sana mwaka huu.

Nikasema tayari. Nikasema kwa sauti, wasikie mpaka wa nje ya geti.

Halafu nikamfuata jikoni. Alikuwa anasuuza vikombe. Nikafunga mlango, nikamwambia hivi hivi, bila kuzunguka: "Fides, ile uliyoipika peke yako, niliyoitema. Ilikuwa nzuri. Nilidanganya."

Hakugeuka. Akasuuza kikombe kimoja, akakiinamisha, akasema, "Najua, wifi. Niliionja kabla sijakuletea."

Nikamuuliza mbona hakusema. Ndipo akaanza kucheka, amejiziba mdomo na kanga, machozi yanamtoka, na akanieleza. Kwamba lililomwagwa ni lile beseni tu. Kwamba nilipotoka getini ulimwambia alete ndoo iliyobaki stoo, na mlikaa wawili mkainywa mpaka jua likazama, na wewe ukaimba mapambio yote ya kwaya, sauti ya pili. Kwamba ulimwambia, Aika ulimi wake ni mzima, ni wivu tu unamsumbua, tumwache, siku ukimtoka atasema mwenyewe. Na ukamkataza kabisa asije akaligusa kabla sijaligusa mie.

Ulijua, Mama! Mwaka na zaidi nimebeba jambo hili kifuani, nimekonda, nimeungama kwa mchungaji nikalia mpaka akanipa maji, kumbe ulijua. Mie Tandika chakula hakipiti, nyie Boko mnakunywa na kuimba! Na siku zile wodini, unanitazama nikijikakamua kuongea, ulijua ninachotaka kusema, ukaninyamazia. Nililia pale jikoni, sikujua nalilia nini, Fides akanishika, nikamshika. Lakini nikwambie ukweli, kwa kuwa leo ni siku ya ukweli. Katikati ya kilio kile wivu ulinirudia upya kabisa. Maana mlikuwa na siri, nyie wawili, na siri yenyewe ilikuwa mie. Ndoo nzima mlikunywa. Hakuna aliyenibakizia hata funda.

Basi. Nimeshasema, kifua chepesi.

Fides ameniambia Jumamosi anaotesha ulezi. Nitakwenda na mwiko, nitauacha hukohuko Boko, mahali pake. Nitakaa chini nimenye ndizi kama mwanafunzi, kigoda akikalie yeye. Akipika nitaonja, na nakuahidi, Mama, kitakachokuwa ulimini ndicho kitakachotoka mdomoni, hata kikinichoma. Nikiona wivu nitasema naona wivu. Ameshazoea.

Pumzika sasa. Usiwe na wasiwasi nasi, tutagombana lakini tutakula pamoja. Ila siku tutakapoonana huko, kabla hujanikumbatia, kabla hujaniuliza habari za watoto, naomba kata yangu ya siku ile. Uiweke kando. Na safari hii usimpe mtu kabla yangu.

Mwanao mwenye wivu,
Aika